Masega ya Wenyewe

Ipo Jumapili moja ya mavuno ambayo siisahau hata nikitaka, mwanangu Elia, na leo utaisikia yote kwa sababu umenikasirisha. Kaa hapo. Kigoda hakiumi. Umefika jana na bodaboda, umenipa shikamoo yako nzuri, nikakuitikia marahaba, nikakuchinjia jogoo, kumbe nyuma yako kuna mtu wa mkaa anasubiri Sikonge mjini na chenso yake, ule msumeno wa injini, niseme tu ndiyo, aingie kwenye miyombo yetu. Unataka msitu uanguke ili upate kitu kikubwa cha kumpelekea yule mtumishi wako wa kwenye turubai huko Tabora. Umekiita mbegu. Umesema, "Babu, umaskini wa ukoo wetu ni laana. Tukipanda mbegu kubwa, Mungu atatufungulia."

Jibu langu ulilisikia jana. Ng'o! Lakini kijana aliyesoma hatosheki na ng'o, na mimi sitaki ukaseme mjini kwamba babu yako ni mchoyo na hamjui Mungu. Kwa hiyo nitakueleza, na ukichoka shauri yako.

Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mjukuu wa mdogo wangu Raheli. Yeye ametangulia, na mizinga kumi iliyotundikwa katika ule msitu ni sehemu yake, ndiyo maana unajiona una haki ya kusema. Haki unayo, sikatai. Ila kuna jambo kuhusu bibi yako hukuambiwa, na aliyelificha ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akatuacha mama, mimi, Raheli na mizinga kumi na mitano ya magogo huko porini. Wenzetu wengi walilima tumbaku. Sisi chumvi, sabuni, kitenge cha mama na ada ya shule ya Raheli vyote vilitoka kwa nyuki. Raheli alikuwa na miaka minane, yuko darasa la kwanza, na kila kijiti alichookota kilikuwa kalamu. Uwanja wetu wote ulijaa maandishi yake. Alikuwa anajifunza kuandika jina lake na alikuwa ameshafika herufi ya nne, ya tano ndiyo ilikuwa inamsumbua, akiiandika inaangalia nyuma.

Baba alikuwa na desturi, na ilikuwa desturi ya kila mrina asali wa huku aliyejiheshimu. Alipoufungua mzinga alianza kutoa masega yaliyojaa asali, moja moja, taratibu, moshi unafuka. Akifika kwenye masega ya majana, wale watoto wa nyuki weupe, mkono wake ulisimama. Hayo hakuyagusa, wala masega machache ya asali yaliyokuwa jirani yake. Aliyaita masega ya wenyewe. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza hao wenyewe ni nani, maana mzinga si tumeuchonga sisi? Alicheka mpaka akashikilia tawi asianguke.

"Gogo umechonga wewe," akaniambia. "Na asali umechonga wewe?"

Akashuka, akavua kofia, akasema wabeja, ile asante yetu ya Kinyamwezi. Alifanya hivyo kwa kila mzinga, hata ule uliomuuma vibaya. Mimi nilikuwa nalamba vidole, sikuona maana yake.

Basi, wiki mbili kabla ya sikukuu ya mavuno akaja mhubiri mgeni. Simtaji jina, ameshakufa, na Mungu atakuwa amemalizana naye. Alikuwa na viatu vyeupe, nakwambia vumbi lote la Sikonge halikuthubutu kuvigusa. Alihubiri siku tatu, akabaki kungoja mavuno. Alisema maskini ni mtu aliyemnyima Mungu. Alisema anayeleta kikapu atarudishiwa vikapu, anayeleta debe atarudishiwa madebe, na anayebaki fukara ajilaumu mwenyewe kwa udogo wa sadaka yake. Mkono mtupu haulambwi, akasema, na kanisa zima likaitika amina. Mimi niliitika kwa sauti kuliko wote.

Usicheke. Nilikuwa kijana kama wewe. Nilitaka baiskeli yangu mwenyewe, yenye taa ya dainamo. Nilimtaka binti mmoja wa Tura ambaye baba yake alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi mgonjwa mnadani. Nilichoka kuvaa mashati ya marehemu. Kwa hiyo ukinisikia nasema hivi leo, usidhani nawacheka wanaotamani mali. Kutaka baiskeli si dhambi. Kutaka nyumba ya bati si dhambi, Mungu hajawahi kuchukia bati. Ninachokuambia ni jinsi nilivyoitafuta.

Nikaingia porini siku tatu. Mzinga wa kwanza nilitoa asali vizuri, nikafika kwenye masega ya wenyewe, na mkono wangu ukasimama wenyewe kama mkono wa baba. Wallahi, sikuusimamisha mimi. Nikaukaripia. Nikasema hiyo ni imani haba, nikayang'oa yote, na majana yake, mpaka mzinga ukabaki gogo tupu. Mzinga wa pili mkono haukusimama tena. Ndivyo dhambi inavyofundishika, mwanangu, somo moja tu linatosha. Nikaenda hivyo hivyo mpaka wa kumi na tano, na nilirudi nyumbani na madebe manne, jicho moja limevimba na kuziba, na bado naimba pambio.

Mama alichungulia debe, akaona ule weupe. Akauliza neno moja tu.

"Umeacha?"

"Mama, kwa Mungu hakuachwi," nikamjibu, kifua mbele.

Hakusema zaidi. Alikuwa mjane wa mwaka mmoja, na mimi ndiye mwanamume wa nyumba. Kimya chake nikakifanya ndiyo.

Jumapili ikafika. Unajua mavuno yetu yalivyo: watu wanaingia kanisani kwa ngoma, huyu na gunia la karanga, huyu na viazi, kuku wamefungwa miguu wanalalamika kuliko waumini, vitu vinawekwa mbele, vinaombewa, kisha baada ya ibada vinanadiwa hapo nje kwenye jua. Mimi niliingia wa mwisho, makusudi. Debe begani, jingine mkononi, na kijana jirani nyuma yangu na mawili mengine. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikasikia mtu anasema, kijana huyu amebarikiwa. Yule mhubiri akaachia tabasamu, akanyanyua mikono.

Pale mezani, mpokea sadaka alikuwa shangazi yangu Damari, dada mkubwa wa baba, mzee wa kanisa. Mwembamba, mrefu, hajawahi kusema neno mara mbili. Wengine wote aliwapokea kwa tabasamu. Mimi alinitazama lile jicho lililoziba, akakunja mkono wa gauni, akauzamisha debeni mpaka kwenye kiwiko.

"Haya ni nini?"

"Asali, shangazi. Sadaka yangu."

"Nimeuliza haya." Akainua sega juu, linadondoka, majana yanaonekana mpaka viti vya mwisho. "Umeacha mangapi?"

Nikainamisha kichwa, nikaangalia miguu yangu.

"Mzinga upi uliufanya hivi?"

"Yote, shangazi."

Ngoma zikanyamaza. Kila mtu mle ndani, hata wa tumbaku, alikuwa mtoto au mjukuu wa mrina asali. Walielewa kama ambavyo mfugaji wa Nzega angeelewa ukimletea ndama aliyepasuliwa tumboni mwa mama yake. Shangazi akalirudisha lile sega debeni, akafuta mkono kwenye khanga yake, akasema, "Rudisha. Hii si shukrani. Hiki ni chakula cha yatima, na Mungu hali cha yatima."

Mhubiri akainuka. "Mama, usimzuilie kijana baraka yake!"

"Baraka yake sijaigusa, mtumishi. Nimezuia debe."

Kuna mtu nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Mhubiri akapandwa na hasira, akasema mama huyu anamnyima Mungu mbele ya watu. Na hapo ndipo shangazi alipogeuka, akamtazama kuanzia vile viatu kwenda juu.

"Mungu ana njaa?" akamuuliza. "Tangu lini? Msitu ni wake, maua ni yake, nyuki ni wake, na huyu mtoto ni wake. Sisi hapa ni vitukuu vya wapagazi. Wazee wetu walibeba mizigo ya watu kutoka Unyanyembe mpaka pwani, miezi mitatu kwa miguu, na walisifiwa kwa jambo moja tu: mzigo ulifika kama ulivyofungwa. Hakuna mpagazi aliyefungua mzigo njiani, akakata kipande, akampelekea mwenye mali akisema, bwana, pokea zawadi yangu. Angepigwa! Sasa wewe unamfundisha mtoto wangu kufanya hivyo na kumwita Mungu shahidi."

Mchungaji wetu alikuwa anaangalia sakafu. Hakuna aliyenitetea. Nilibeba madebe mawili nikatoka nayo, kisha, maana yule kijana jirani alikuwa ameshakimbia, nikalazimika kurudi ndani kuchukua mengine mawili. Aibu ya kutoka kanisani mara moja inatosha kumuua mtu. Mimi nilitoka mara mbili.

Nilimchukia shangazi yangu, sikufichi. Nililala na viatu, nikiwa nimeazimia asubuhi nitorokee Urambo. Lakini kulipokucha alikuwa mlangoni, gauni amelifunga kiunoni, fimbo mkononi. "Chukua madebe," akasema. "Twende tukaone nani amebaki."

Tulikwenda. Kwenye kila mti aligonga shina kwa fimbo, akaweka sikio. Wa kwanza kimya. Wa pili kimya, na siafu wanaingia na kutoka kama kwao. Wa tatu hivyo hivyo. Baba yangu alichukua miaka kumi na miwili kuijaza mizinga ile, na mimi nilitembea chini yake nikisikiliza kimya, mzinga baada ya mzinga, mpaka nikaanza kulia waziwazi kama mtoto. Shangazi hakunibembeleza. Mizinga kumi na mmoja nyuki walikuwa wamehama. Minne walikuwepo bado, wachache, wanavuma kwa unyonge.

"Panda," akaniambia.

Nikapanda na masega ya asali, nikayarudisha ndani moja moja, nikiyashikiza kwa vijiti. Majana yalikuwa yameshakufa, hayo hayarudishiki. Walinidunga, na niliona wana haki. Niliposhuka kwenye mti wa mwisho nikamuuliza shangazi asali iliyobaki tuiuze au tule, maana nyumbani hakuna kitu.

"Hiyo ni ya kuwalisha mpaka mvua zirudi," akasema. "Usiuze hata kijiko."

"Sisi tutakula nini?"

"Ulipobeba madebe manne kanisani hukuuliza hivyo."

Kisha akapiga magoti pale kwenye majani makavu, na kusema wabeja. Nilidhani ameona kitu. Nikamuuliza anashukuru nini wakati kumi na mmoja wamekwenda. Akasema, "Wanne waliibiwa na hawakuondoka. Nisishukuru nimekuwa nani?" Mpaka leo, Elia, nikisikia mtu anashukuru kwa sababu amepata gari, nasema sawa, lakini mimi nimeona shukrani porini, kwa mizinga minne.

Mtaka yote hukosa yote, wahenga walisema, lakini ni afadhali angekosa yeye peke yake. Mchuma janga hula na wa kwao. Kiangazi kile mama alikwenda kufanya kibarua kwenye tumbaku za watu, anarudi mikono imekuwa myeusi kwa utomvu, chakula anachoshika kinakuwa kichungu. Hakunisema hata siku moja, na ningependa angenisema. Januari shule zikafunguliwa. Ada hakuna, sare hakuna. Raheli alibaki nyumbani, akaenda na mama kufunga majani ya tumbaku kwenye vijiti. Tulimwambia ni kwa muda tu.

Ile mizinga ilichukua miaka mitano kurudi. Nilichonga mipya, nikatundika, nikasubiri. Nyuki hawaitwi kwa filimbi. Mwaka wa tano tulipopata asali ya kutosha nilimwendea Raheli na sare mpya mkononi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko mama. Aliishika ile sare, akacheka. "Kaka, nikakae darasani na watoto wa kunyonya?" Akaikata, akaishonea mito. Baadaye akaolewa Kigwa, akamzaa baba yako.

Wewe siku zote umedhani bibi yako hakusoma kwa sababu zamani wasichana hawakupelekwa shule. Nilikuacha udhani hivyo. Ulikuwepo hospitalini siku ile walipotaka asaini karatasi ya upasuaji. Ni wewe uliyemshikia kidau cha wino, akaweka dole gumba, akakwambia kwa utani kwamba kidole chake kina mwandiko mzuri kuliko wako. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Yule bibi alikuwa anajua herufi nne za jina lake, Elia. Ya tano niliipeleka mimi kanisani ndani ya debe, na haikupokelewa.

Sasa umelijua. Ukitaka kunichukia, miaka niliyobakiwa nayo si mingi, anza mapema.

Lakini usiniambie tena kwamba umaskini wetu ni laana! Laana gani? Najua umaskini huo ulikotoka, najua aliyeuleta, na nimekutajia. Shangazi Damari aliondolewa pale mezani kwa ajili ya maneno yale. Mhubiri alipeleka malalamiko, wazee wakaogopa, akawekwa viti vya nyuma karibu na mlango kwa miaka mitatu. Aliimba kwa nguvu zaidi kutoka huko nyuma, mpaka kwaya ikawa inapotea. Hakuomba radhi mpaka tunamzika. Mwenye viatu vyeupe aliondoka wiki ile ile, na hakurudi kuuliza Raheli anavaa nini. Ndiyo maana nakwambia, usiache mbachao kwa msala upitao. Mtumishi wako atakunja turubai. Miyombo ikishakunjwa haifunguki tena.

Nisikilize basi, nikupe nasaha yangu nikapumzike. Mali ni njema, itafute, tena itafute kwa jasho na akili, Mungu hampendi mvivu zaidi ya tajiri. Toa sadaka, tena toa vizuri, usimletee Mungu kuku wa kideri. Lakini toa katika kilicho chako. Cha mama yako si chako. Cha mtoto ambaye hajazaliwa si chako. Msitu huu tumepewa kubeba tu, kama walivyobeba wazee, na utafika kwa mwenyewe ulivyofungwa. Maandiko yenyewe yanakataza kuvuna shamba mpaka pembeni. Pembe ni za maskini na mgeni. Na ukitoa, usikinge mkono wa pili ukisubiri chenji. Mtu anayempa Mungu ili alipwe mara mia hajashukuru, amefungua duka, na amemfanya Mungu mteja.

Miyombo haikatwi nikiwa hai. Nikifa nizikeni katikati yake, huyo mwenye chenso aanze na mimi. Na mtumishi akikuuliza nani amezuia mbegu, mwambie yupo mzee mmoja Sikonge, amebakiwa na meno matatu, hajafunguliwa wala hajafungwa, na kila Jumapili anakaa viti vya nyuma kwa kupenda mwenyewe. Aje tuongee. Nitampa na asali.

Mizinga kumi ya bibi yako nakukabidhi leo. Mwezi ujao tunarina, na utapanda wewe, mimi nitashika moshi hapa chini. Asali utakayopata ni yako. Ukitaka kula, kula. Ukitaka kuipeleka yote kwa yule wa turubai, peleka, sitakushika mkono, itakuwa jasho lako na hakuna mtoto atakayeacha shule kwa ajili yake.

Inamisha kichwa. Mungu wa baba zetu, aliyewafikisha pwani na kuwarudisha, akutangulie, Elia mwana wa mwana wa Raheli. Akupe vingi, na akupe akili ya kuviacha vingine. Wanao wasome mpaka herufi ya mwisho. Mizinga yako ivume ukiwa umeondoka. Na siku hiyo, ukiwa juu ya mti na moshi machoni, ukifika kwenye masega ya wenyewe na mkono wako ukasimama, mwanangu, nakuomba, usiukaripie.